Mito ya Mstari wa Mbele

Mtaani walimwita Mama Pindo, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Sababu ilikuwa wazi. Nguo iliyopita mikononi mwake ingeweza kupauka, kuchakaa, hata kuraruka kwapani, lakini pindo lake halikufumuka. Watu walitania kwamba siku ya kufufuliwa wafu wote wataamka uchi isipokuwa wateja wake. Naye alicheka puani, pini zikiwa zimebanwa midomoni, akaendelea kukanyaga cherehani.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la dawa, kwa hiyo kilinuka vitu viwili daima: mafuta ya mashine na dawa ya kikohozi. Ukutani palining'inia majoho ya nyumba kuu ya ibada, yamefunikwa nailoni yasishike vumbi. Mama yake ndiye aliyekuwa akiyashona, na alipokata roho kazi ikamwangukia binti. Hakuwahi kudai malipo. Ilikuwa ibada yake. Akiwa na joho mezani hakumsema mtu vibaya mpaka amalize, jambo lililowafanya majirani waombe majoho yawe yanachanika kila wiki.

Mwenye majoho hayo alikuwa kiongozi wa ibada, na watu walimwita Sauti. Zamani hakuhitaji kipaza sauti. Akitamka neno ndani, muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara alilisikia. Wakati huo alikuwa mwembamba, na baiskeli yake ilikuwa na breki ya nyuma tu. Mama yake Mama Pindo alipougua ugonjwa wa mwisho, Sauti alikuja karibu kila jioni. Mgonjwa alitapika sana. Watoto wa kumzaa mwenyewe waligeuza nyuso, lakini Sauti alishika beseni, akampangusa mdomo, akaendelea na sala pale alipoishia bila kukunja pua. Mtu akimwuliza Mama Pindo kwa nini anaiamini dini yake, hakutaja kitabu wala hotuba. Alitaja beseni.

Kisha serikali ikaipenda dini yao.

Mapenzi yalianza kwa upole, kama mapenzi yote. Paa la nyumba kuu lilikuwa likivuja, serikali ikaleta mabati. Waumini walipiga makofi, na Mama Pindo alipiga vigelegele mpaka koo likamkauka. Nani asingefurahi? Miaka yote walikuwa wakichangishana bati moja moja. Baada ya mabati ikaja rangi. Baada ya rangi ukaja mshahara wa Sauti, na gari, na dereva wa kumfungulia mlango. Halafu ikaja picha ya kiongozi wa nchi, kubwa, ya fremu ya dhahabu, ikatundikwa ukuta wa mbele ambako zamani hapakuwa na kitu ila saa. Bibi vizee waliokuwa wakikaa mstari wa kwanza kwa sababu ya masikio yao mabovu waliombwa wasogee nyuma, na mstari ule ukazungushiwa kamba. Ni wa wageni waheshimiwa, waliambiwa. Wageni wakaja, wakakaa, simu zao zikaita katikati ya sala, wakapokea.

Mwisho ikaja sala yenyewe. Iliandikwa ofisini, ikaletwa imepigwa chapa, ya kumwombea kiongozi wa nchi kwa jina na kwa vyeo vyake vyote. Vyeo vilikuwa virefu kuliko maombi. Kila nyumba ya ibada, ya dini yoyote ile, iliamriwa kuisoma. Na kukaundwa Baraza la Ibada, la kuamua nani ana dini na nani hana. Mwenyekiti wake katika wilaya ile alikuwa Sauti.

Mama Pindo hakuyapenda yote hayo, lakini alijisemea kwamba vitu vya nje havifiki ndani. Aliendelea kujisemea hivyo mpaka siku Sauti alipokuja kupanuliwa joho.

"Binti yangu, joho limenywea," alisema, akiingia kwa ubavu maana mlango ulikuwa mwembamba.

"Joho halinywei, baba. Watu ndio wanavimba."

Walicheka wote wawili. Alimzungushia futi kiunoni, akapiga magoti na chaki kupima pindo la mbele. Hapo simu ikaita.

"Ndiyo, mheshimiwa," Sauti alisema, na sauti ile iliyokuwa ikivuka barabara ikawa nyembamba kama uzi. "Nimeipata. Hapana, hapana, sijagusa hata nukta. Ile sehemu ya bei nitaikazia, ndiyo. Kwamba kulalamikia bei ni kukosa shukrani kwa Mungu. Nitasema nimeoteshwa. Ndiyo, mheshimiwa. Nashukuru, mheshimiwa."

Alikata simu, akamwona Mama Pindo amemkazia macho kutoka sakafuni.

"Kazi," alisema, kama mtu anayefukuza mbu.

Mama Pindo aliinamisha kichwa. Mbele ya pua yake palikuwa na soksi za hariri, na juu yake joto la mwili ulioshiba, na marashi yaliyomwagwa bila huruma. Mikono yake, iliyozoea kulishika joho lile kama mtu anayembeba mtoto mchanga, ilikataa kumgusa. Alimalizia kupima kwa macho. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alimsema mtu vibaya joho likiwa mezani. Alimsemea moyoni, lakini alimsema.

Alikuwa na wifi, dada wa mumewe, muuguzi wa wodi ya watoto. Wifi huyu alisali na kikundi kidogo kilichoitwa Watulivu. Walikutana kwenye ghala la zamani la magunia, wakakaa kimya. Ibada yenyewe ndiyo hiyo. Hapakuwa na wimbo, wala hotuba, wala joho. Mtu anakaa, ananyamaza mbele ya Mungu wake, kisha wanapeana mikono na kwenda zao. Mama Pindo alikwenda mara moja kwa heshima ya wifi, akapitiwa na usingizi akakoroma. Hawakumwamsha. Mzee aliyekaa jirani alimwekea mkoba chini ya kichwa.

Kitu pekee walichokuwa nacho cha kutazama kilikuwa pazia. Kila familia ilipofiwa ilileta kipande cha nguo ya marehemu, na kipande kile kikaunganishwa na vingine. Pazia likakua mwaka hadi mwaka, likawa na kanga, na koti la mlinzi, na shuka la bibi, na sare ya shule. Aliyeviunga vipande hivyo alikuwa Mama Pindo. Kimoja kilikuwa cha njano, cha shati la mtoto wa wifi, aliyefariki kwa homa kwenye wodi ileile mama yake alikofanya kazi. Wifi aliomba kifungo kisiondolewe. Hakikuondolewa.

Alasiri moja wifi aliingia chumba cha kushonea akiwa na sare ya kazi, viatu mkononi.

"Wametufunga," alisema.

"Nani?"

"Afisa alikuja kuangalia kama tunasoma ile sala. Akakaa na sisi tangu mwanzo mpaka mwisho. Tulipoinuka akasema hajasikia jina la kiongozi wa nchi. Mzee akamwambia sisi hatusomi kitu kwa sauti. Afisa akasema, basi mwombeeni kimyakimya. Mzee akamwambia, tunamwombea kila mtu kimyakimya. Afisa akasema, 'Sasa nitajuaje?'"

Mama Pindo alitoa pini mdomoni. "Mkamjibu nini?"

"Tulinyamaza. Ndiyo desturi yetu." Wifi alijaribu kutabasamu. "Leo wamerudi na amri ya Baraza. Sisi si dini. Tumemdharau kiongozi wa nchi. Na tunawasumbua majirani kwa kelele."

"Kelele?"

"Kelele."

Walitazamana. Cheko likawatoka wote wawili, wakacheka mpaka Mama Pindo akashika mbavu, na mara akagundua kwamba anacheka peke yake. Wifi alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Wamechukua mabenchi, mikeka, kila kitu. Na pazia. Niliwaambia hilo ni la wafu wetu, mmoja akaliviringisha kama zulia bovu, akalitupa ndani ya gari."

"Gari gani?"

Wifi alikawia kujibu. Aliangalia viatu vyake. "Gari la serikali, wifi yangu. Yako mengi."

Hazikupita hata wiki mbili, afisa itifaki wa wilaya akabisha hodi kwa fundi. Alikuwa kijana mtanashati mwenye kucha zilizosuguliwa, na nyuma yake wapagazi wawili. Siku ya Maombi ya Taifa ilikuwa inakaribia. Wageni wa mstari wa mbele walilalamika kwamba viti ni vigumu, na ibada ni ndefu. Walitakiwa washonewe mito.

"Mahameli hii hapa, Mama," alisema, akipapasa jora jekundu. "Imetoka nje. Na vya kujazia ndani vimo kwenye magunia. Ni matambara tu. Mheshimiwa kasema tusitupe fedha kununua sponji wakati stoo imejaa makorokoro."

"Makorokoro ya wapi?"

"Ya stoo, Mama. Wewe katakata, jaza, shona. Nani ataona kilicho ndani ya mto?"

Alipoondoka, Mama Pindo alifungua gunia la kwanza. Yalikuwa mapazia ya ofisi, yenye masizi. La pili lilitoa harufu ya panya. Alichomoa mikeka iliyokatwa na kitu kingine kizito kilichokunjwa ovyo, na kabla hakijatoka chote vidole vyake vilikutana na mshono alioujua. Fundi huijua mishono yake kwa kugusa tu. Aliuvuta polepole. Kanga. Koti la mlinzi, sasa likiwa na alama ya kiatu. Shuka la bibi, na juu yake doa la chai, au la mate ya mtafuna tumbaku; hakutaka kujua. Halafu njano, na kifungo chake.

Alikaa chini sakafuni. Ilimjia picha mbele ya macho, wazi kama iliyo kwenye fremu: mkuu wa wilaya ameketi juu ya mtoto wa wifi yake, anajisogezasogeza makalio apate pale palipo laini, huku Sauti anamwombea baraka. Aliwahi karai la kulowekea vitambaa, akatapika chai yote ya asubuhi, na ilipokwisha akaendelea kutapika hewa.

Aliosha uso, akaviringisha pazia, akaliweka juu ya kabati. Kisha akafunga mlango na kwenda kwa Sauti kwa miguu.

Ofisi ya Sauti ilikuwa imejengwa ubavuni mwa nyumba kuu. Ndani palikuwa na baridi ya mashine, zulia lililozamisha nyayo, na sahani ya korosho. Alikuwa akila moja moja bila kuangalia.

"Binti yangu! Karibu, karibu. Mito inakwendaje?"

"Baba, unajua wamenipa nini cha kujazia?"

Sauti alitafuna, akameza. Mama Pindo alitumaini kwa moyo wake wote kwamba hajui. Alisubiri aulize, "Nini?" Hakuuliza.

"Ni kitambaa," Sauti alisema.

"Ni nguo za wafu. Mmojawapo ni mtoto wa wifi yangu. Ulimjua yule mtoto, baba. Ulikuwa ukimpa lifti ya baiskeli."

"Namkumbuka. Mungu amrehemu." Alijipangusa vidole. "Lakini wale watu, binti yangu, nilijaribu kuwasaidia. Niliwatumia ujumbe: someni mara moja tu, haraka haraka, afisa asikie, muendelee na kimya chenu. Wakakataa. Wana kiburi. Na kisheria wao si dini. Dini ni ile iliyotambuliwa."

"Sisi kabla hatujatambuliwa tulikuwa nini?"

Sauti aliisukuma sahani ya korosho kando. Mashine ya baridi ilinguruma.

"Wakati unashika beseni la mama yangu," Mama Pindo aliendelea, "nani alikuwa amekutambua?"

Aliona jambo alilotamani baadaye asingeliona. Uso wa mzee yule ulilegea, mashavu yakashuka, na kwa kitambo kidogo alikuwa yule wa baiskeli, amechoka, amenaswa.

"Unadhani mimi niko huru?" alinong'ona. "Naletewa mahubiri kama mtoto anavyoletewa imla. Nikiongeza sentensi yangu, simu inaita kabla sijavua joho. Hata nikiomba usingizini naogopa kuna anayesikiliza. Wao wamefungiwa ghala. Mimi nimefungiwa humu." Akajipiga kifua.

Angeishia hapo, Mama Pindo angemhurumia. Hata alisogea, mkono ukiwa njiani kuugusa mkono wake. Lakini Sauti alikohoa, akavuta sahani ya korosho karibu, na uso ukarudi mahali pake.

"Fanya hivi. Hicho kipande cha huyo mtoto kikate, mpe wifi yako kwa siri. Vingine jaza. Tumalize hili jambo bila makelele. Mumeo ana kazi nzuri pale wilayani; mwambie namsalimu."

Mama Pindo aliurudisha mkono. Aliufuta kwenye gauni, ingawa haukuwa umegusa kitu.

Mumewe alikuwa dereva wa serikali, mtu mpole, asiyependa ugomvi hata wa paka. Siku ya pili yake alirudi nyumbani mchana kula, akamkuta mkewe amekaa mezani, hakuna sufuria jikoni, na pazia limetandazwa juu ya meza kama kitambaa cha kulia chakula.

Alisimama mlangoni. Hakuuliza ni nini.

Hapo ndipo Mama Pindo alipojua. Mtu asiyejua huuliza. Alikumbuka wifi alivyokawia, alivyoangalia viatu.

"Baba watoto," alisema taratibu, "siku ile wewe ndiye uliyeendesha?"

"Niliambiwa niendeshe, nikaendesha."

"Dada yako alikuwa amesimama pale?"

"Sikushuka garini."

"Sijauliza kama ulishuka."

Mwanamume alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Alikuwepo. Aliniona. Nilikuwa nimewasha injini, nikawa naangalia mbele tu. Kulikuwa na mbuzi barabarani, nikamwangalia yule mbuzi." "Ningefanya nini, mama watoto? Ningekataa, leo gari lingeendeshwa na mwingine, na ghala lingefungwa vilevile. Watoto wangekula nini? Kimya cha dada?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie ili iweje? Unitazame hivyo unavyonitazama?"

Alikuwa akimtazama kweli, na alichokiona kilimtisha. Huyu ndiye mtu aliyelala naye miaka yote, aliyemjua mpaka kovu la goti, na sasa alitazama vidole vyake vilivyoshika usukani akaona kinyaa kilekile alichokiona mbele ya soksi za hariri. Alitaka hasira, maana hasira hupoa. Kinyaa hakikupoa.

"Kula kwa mama muuza chai leo," alimwambia. Akakunja pazia, ncha kwa ncha, akatoka nalo.

Alipitia kwanza chumba chake cha kazi, akapakia jora la mahameli na magunia yaliyobaki kwenye mkokoteni, akamlipa msukuma mkokoteni, wakaenda wilayani. Afisa itifaki alikuwa mapokezi akizungumza na simu. Mama Pindo aliliweka jora juu ya kaunta, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri huduma.

"Tafuteni fundi mwingine."

"Mama, kuna tatizo? Kama ni malipo..."

"Nashona nguo za watu kuvaa. Watu wa kukaliwa, sishoni."

Watu kwenye foleni waliinua vichwa. Kijana alimwinamia, akitabasamu kwa meno tu. "Mama, jiangalie. Hiki unachofanya kina jina lake kisheria."

"Kiandike jina lote, usikosee herufi," alisema, akatoka.

Pazia alilipeleka kwa wifi. Alikuta amelala, katoka zamu, akamwamsha. Wifi alilipokea, akatafuta kifungo kwa dole gumba, akakipata. Mama Pindo alisema, "Kaka yako..." na wifi akamkatiza.

"Najua. Nilimwona shingo, hakugeuka." Akavuta pumzi. "Usimwache kwa ajili yangu, wifi. Lakini asije hapa kwanza. Nikimwona nitasema maneno, na mimi siyajui maneno, sitajua pa kuyasimamisha."

Mito ilishonwa. Fundi wa mtaa wa pili aliishona, mtu mzuri tu, mwenye watoto wengi, na ndani yake akatia mapazia ya ofisi na mikeka ya Watulivu iliyokatwakatwa. Siku ya Maombi ya Taifa wafanyabiashara wote walitakiwa kuhudhuria. Msimamizi wa soko alipita mlango kwa mlango kukumbusha, akionyesha meno. Mama Pindo alikwenda. Alitaka kuona kama bado kuna kitu chake mle ndani.

Alikaa nyuma pamoja na bibi vizee wenye masikio mabovu, ambao hawakusikia chochote na walikuwa wakiulizana kama kumeanza. Mstari wa mbele ulikuwa mwekundu. Waheshimiwa waliingia kwa kuchelewa, wakaketi, wakajibonyeza kwenye mito, na mmoja akamwinamia mwenziwe akasema kitu, wakacheka. Sauti alipanda, joho jipya limemkaa vibaya mabegani. Alianza kusoma vyeo. Vilikuwa vimeongezeka. Aliposema Mungu amemchagua kiongozi huyu kama alivyochagua jua liwake, waumini wakaitikia wote pamoja, na Mama Pindo akasikia sauti yake mwenyewe ikiitikia, kwa mazoea, kabla hajaizuia.

Hilo ndilo lililomwinua. Alisimama katikati ya sala. Ukumbi mzima ulikuwa umeketi, kwa hiyo alionekana kama mlingoti. Alipita katikati ya mistari, viatu vikigonga sakafu, akatoka kwenye jua, akatema mate chini ya ua la waridi lililopandwa na halmashauri.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa kama alivyoyaogopa, na pengine ndiyo yaliyochukiza zaidi. Hakuna aliyemkamata. Majoho yalichukuliwa tu, na dereva wa Sauti, aliyeyabeba mgongoni kama nguo za dobi. Sare za shule alizokuwa akishona kila mwanzo wa muhula zikapelekwa kwa mwingine. Wateja wake wa siku zote wakaanza kukohoa wakipita mlangoni, wakishughulika na simu zao. Mumewe alihamishiwa kwenye gari la taka. Alikuja nyumbani ananuka, akajisugua uani kwa sabuni ya unga, na siku moja alisema, akiwa amempa mkewe mgongo, kwamba harufu hii angalau inatoka. Mama Pindo alimletea taulo. Ndipo walipoanza tena kuzungumza, kidogo kidogo, mambo ya maji na mambo ya mkate. Kwa dada yake, mume alikwenda baada ya muda mrefu. Walikaa kimya kibarazani mpaka chai ikapoa, na aliporudi alisema hajawahi kutukanwa namna ile maishani mwake.

Mama Pindo hakujiunga na Watulivu. Dini yake ilikuwa yake, hata ikiwa wameifanya kitambaa cha kupangusia viatu. Alisali nyumbani, maneno ya zamani, yale ya kabla ya mabati. Lakini aliweka mabenchi mawili kwenye chumba cha kazi, na ikawa asubuhi fulani fulani watu huja na nguo za kurekebishwa, wanakaa, wanasubiri. Wanasubiri sana. Hawazungumzi. Yeye hukanyaga cherehani yake taratibu, na wao hunyamaza mbele ya Mungu wao, kila mmoja na suruali mapajani.

Asubuhi moja aliingia afisa, yuleyule aliyefunga ghala, ingawa hakuwatambua Watulivu wenyewe. Kumbe alichokariri ni ghala tu. Zipu ya suruali yake ilikuwa imekatika, ameificha kwa faili.

"Hawa wanangoja nini?" aliuliza.

"Nguo," alisema Mama Pindo.

"Basi na mimi nangoja." Alikaa katikati ya wifi na yule mzee, akajipepea na faili. Baada ya kitambo akageuka huku na huku. "Mbona hamzungumzi?"

"Joto," alisema mzee.

Afisa alikubaliana naye kwamba joto limezidi. Alikaa mpaka zipu ikakamilika, akapiga miayo, akaegemeza kichwa ukutani akafumba macho, na watu wa ibada hawakumsumbua. Alipoamka alilipa, akaaga kila mtu, akaenda zake akipiga mluzi.

Wifi alimtazama Mama Pindo, midomo ikimcheza kwa kicheko. Mama Pindo hakucheka. Alikwenda nyuma, akarudi na ndoo ya maji na sabuni, akapiga magoti, akaanza kusugua benchi pale afisa alipokaa.